Nani Alimkata Bibi Yule Miguu?

Ndugu wasomaji, kuna habari moja ya kweli ambayo waandishi wa Ulaya hawachoki kuisimulia, na kila waisimuliapo hucheka. Wasema hivi: Zamani, kati ya mwaka 1830 na 1840, huko Uingereza alikuwako mwalimu mmoja mzee, mwanamke, jina lake Anne Maginnis. Nyumbani mwake alikuwa na picha kubwa ya rangi ya bibi mmoja wa ukoo wa wakubwa, amesimama, tangu kofia mpaka viatu. Mwalimu alitaka kuitundika juu ya mahali pa moto. (Katika nchi za baridi moto huwashwa ndani ya nyumba, ukutani, na juu yake ndipo watu hutundika kitu wakipendacho.) Lakini picha ilikuwa ndefu kupita nafasi yake. Basi mwalimu akaikata sehemu ya chini, na miguu ya bibi ikaenda zake. Mwaka 1841 akaiuza picha kwa mfanya biashara John Bentley kwa paundi 56. Hapo msimulizi hushika mbavu: Kumbe ilikuwa kazi ya mchoraji mashuhuri Thomas Gainsborough! Mwalimu gani mjinga namna hii!

Sisi hatucheki. Wala hatutaki kusema kwamba ni vema kukata picha. Lakini tumefuata habari za picha hii tangu mwanzo wake hata leo, na habari za bibi aliyechorwa, na tumeona neno ambalo wachekaji hawalioni. Mwalimu yule si wa kwanza kumkata bibi huyu, na si yeye aliyemkata vibaya kuliko wengine. Wengine walianza kazi hiyo bibi mwenyewe akiwa hai, tena walikuwa watu wasomi, waliovaa nguo nzuri.

Kwanza tuieleze picha, maana wengi hawajaiona. Ni mwanamke kijana. Kichwani ana kofia nyeusi kubwa ajabu, imeinama upande, na juu yake manyoya. Nywele zimetunishwa zikajaa pande zote mbili za uso. Nguo yake ni nyeupe, na kiunoni amefunga mshipi mpana wa hariri. Mkononi ameshika ua la waridi ambalo bado halijafunguka. Anatazama kwa pembeni na kutabasamu kidogo, kama mtu ajuaye neno na hataki kulisema. Gainsborough aliichora kati ya miaka 1785 na 1787, na mwaka 1788 akafa. Bibi huyu ni Georgiana, mke wa Duke wa tano wa Devonshire. Duke ni cheo cha juu kabisa cha wakubwa wa Uingereza, chini ya jamaa ya mfalme. Alizaliwa mwaka 1757 katika ukoo wa Spencer, ukoo ule ule ambao baadaye ulimzaa Diana aliyeolewa na Charles mwaka 1981. Mwaka 1774 Georgiana aliolewa, akitimiza miaka 17.

Sasa tuulize: mwanamke huyu alifanya nini duniani? Ukiwauliza watu wengi, watakujibu: alikuwa mzuri, alivaa kofia kubwa, alicheza kamari, picha yake iliibiwa. Basi. Ndiyo hayo yaliyobaki juu ya mahali pa moto. Tutafute sehemu iliyokatwa.

Mjini London, katika njia ya Piccadilly, ilikuwako nyumba ya Devonshire. Ilibomolewa mwaka 1924, na milango yake ya chuma ikahamishiwa penye bustani ya Green Park, iko hata leo. Nyumba hii Georgiana aliifanya baraza. Twasema baraza, maana neno lingine halifai. Si nyumba ya karamu tu. Wakati ule chama kilichoitwa Whig kilikuwa kikishindana na nguvu za mfalme George wa tatu, na kwa miaka mingi kilikaa nje ya serikali. Chama kilicho nje ya serikali hakina ofisi, hakina vyeo vya kugawa, hakina fedha ya mfalme. Kina watu tu, na watu hugombana. Huyu amekasirika kwa sababu hakusalimiwa, yule ana wivu, kijana huyu ana akili lakini hajulikani na mtu. Nani atawaweka pamoja? Nani atamketisha huyu karibu na yule mezani, ili chuki ya juma zima imalizike kabla ya matunda kuletwa? Ndiyo kazi ya bibi mwenye baraza. Humo Charles James Fox, msemaji mkubwa wa chama, alikuja kupumzika na kupanga vita vya maneno. Sheridan, mwandishi wa michezo ya kuigiza, alikuja. Mtoto wa mfalme, aliye mrithi wa kiti, alikuja. Georgiana alisikiliza, alikumbuka, aliandika barua usiku. Mfalme alipougua akili mwishoni mwa 1788, na watu wakagombea nani atawale badala yake, Georgiana aliandika siku kwa siku mambo aliyoyaona na kuyasikia. Wataalamu wa historia wanayatumia maandiko hayo mpaka sasa.

Mtu aliyeandalia wageni hata mara moja anajua kwamba kazi ya namna hii haionekani ikifanywa vizuri. Huonekana ikiharibika. Ndiyo maana wanaume waliokula mezani pake waliona ni jambo la kawaida, kama maji ya mtoni.

Mwaka 1784 kazi hii ikatoka barabarani. Mfalme alikuwa amewafukuza Fox na wenzake katika serikali, Desemba 1783, akamweka William Pitt. Kukawa na uchaguzi wa Bunge. Sehemu ya Westminster ilikuwa na wapiga kura wengi kuliko karibu sehemu zote za nchi, wala si matajiri peke yao: mafundi, wauza nyama, wenye maduka madogo. Kura ilipigwa siku arobaini, toka tarehe 1 Aprili hata 17 Mei. Viti vilikuwa viwili, washindani watatu. Mwanzoni Fox alikuwa nyuma. Ndipo Georgiana akatoka na wenzake, akaingia dukani kwa fundi viatu na kwa mwuza nyama, akasema nao, akawasikiliza, akanunua vitu vyao kwa bei kubwa, akawachukua kwa gari lake mpaka mahali pa kura.

Kukatokea nini? Wapinzani wakatoa maneno kwamba amembusu mwuza nyama ili apate kura yake. Kama alibusu au hakubusu, watu wamebishana juu yake zaidi ya miaka mia mbili, na ubishi huo wenyewe ndio ugonjwa. Mchoraji wa mizaha Thomas Rowlandson alichora bibi amemkumbatia mwuza nyama, ikauzwa mjini. Picha za namna hiyo zilifuatana, na nyingine zilikuwa chafu hata hatuwezi kuzieleza katika kurasa hizi. Watu wakaacha kuuliza: Je, maneno aliyoyasema juu ya mfalme na Bunge ni ya kweli? Wakauliza: Je, alibusu wangapi?

Hapo ndipo alipokatwa mara ya kwanza, ndugu zetu. Hapana mkasi, hapana mwalimu mzee.

Tena si yeye peke yake. Upande wa pili Bibi Hobart aliwaombea kura watu wa Pitt. Yeye naye alichekwa, safari hii kwa sababu ya unene wa mwili wake. Angalieni basi: mwanamke mzuri akiingia katika mambo ya watu wote, kosa lake ni uzuri, mwanamke mnene akiingia, kosa lake ni unene. Na wanaume wale waliokunywa pombe ya uchaguzi mpaka wakaanguka, waliopigana kwa fimbo mbele ya mahali pa kura, walionunua kura kwa fedha taslimu, nani aliwachora hivyo mpaka jina lao likafa? Fox mwenyewe alikuwa mcheza kamari mkubwa kupita Georgiana. Lakini vitabu vyamtaja kwanza kuwa mtu wa siasa, na kamari yake huja nyuma, kama chumvi katika mchuzi.

Alipochoshwa na matusi Georgiana aliondoka London akaenda kwa mama yake, St Albans. Na wakubwa wa chama walifanyaje? Walimwandikia arudi! Walijua vizuri kazi yake ina faida gani, ila hawakutaka kusimama mbele yake matope yaliporushwa. Akarudi. Fox akapata kiti cha pili, akimshinda Wray kwa kura 236. Kura 236 katika siku arobaini, ndugu. Aliyewahi kutembea nyumba kwa nyumba atajua kwamba kura kama hizo hupatikana moja moja, mlangoni. Katika hizo yeye mwenyewe hakuwa na hata moja, maana mwanamke hakuruhusiwa kupiga kura. Wanawake wa Uingereza walipata kura mwaka 1918, nao wenye miaka 30 na zaidi tu, kwa masharti. Mwaka 1928 ndipo walipolinganishwa na wanaume.

Twajua tutajibiwa. Kuna watakaosema: Ninyi mnamfanya mwanamke huyu malaika, wala hakuwa malaika. Ni kweli, hakuwa. Tuyaseme wazi mambo yake, maana atakayemtetea mtu kwa kuficha makosa yake naye pia anamkata. Georgiana alicheza kamari kwa miaka mingi, akashindwa sana. Alikopa kwa rafiki, akakopa kwa Thomas Coutts mwenye benki, akamficha mume wake, akadanganya juu ya kiasi cha deni, akakopa tena ili kulipa aliyokopa. Waliomkopesha wengine walipata shida kwa ajili yake. Alipokufa, tarehe 30 Machi 1806, deni lake lilikaribia paundi 20,000. Wakati ule fundi wa mikono angefanya kazi maisha yake yote bila kuona hata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Mtu akilaumu hayo, sisi tunalaumu pamoja naye.

Lakini alaumuye awe na mizani moja. Duke, kabla ya kuoa, alikuwa amezaa binti nje, Charlotte. Mtoto huyo aliletwa nyumbani, Georgiana akamlea. Toka mwaka 1782 rafiki yao Lady Elizabeth Foster alikaa nao katika nyumba moja, akazaa na Duke watoto wawili, na mwaka 1809, Georgiana akiwa amekwisha kufa, Duke akamwoa. Kwa ajili ya hayo Duke hakupoteza cheo wala mali wala rafiki. Georgiana naye alimpenda kijana wa siasa, Charles Grey, akapata mimba. Kosa, ndiyo. Duke akamwambia achague: amwache Grey na mtoto atakayezaliwa, au asiwaone tena watoto wake watatu. Akapelekwa Ufaransa, akazaa binti mwaka 1792, Eliza, akanyang'anywa. Mtoto akalelewa na wazazi wa Grey, akifikiri kwamba baba yake ni kaka yake. Mama akakaa ugenini karibu miaka miwili. Mtoto wa nje wa mume aliletwa ndani. Mtoto wa nje wa mke alitolewa nje, na mama yake pamoja naye. Na Grey? Mwaka 1830 alikuwa Waziri Mkuu, na sheria kubwa ya uchaguzi ya 1832 ilipita chini ya serikali yake. Leo wengi walijua jina lake kwa sababu ya chai.

Sasa turudi kwa Gainsborough. Hatugombani naye. Alikuwa fundi wa ajabu. Alijua kufanya rangi nyeupe ionekane kama upepo umepita ndani yake. Alimchora Georgiana tangu alipokuwa mtoto mdogo, akamchora tena kwa picha nyingine kubwa iliyoonyeshwa London mwaka 1783, ambayo sasa iko Washington, Marekani. Mwenzake na mshindani wake Joshua Reynolds naye alimchora zaidi ya mara moja. Katika picha moja anacheza na binti yake mkubwa mapajani, yule ambaye Georgiana alimnyonyesha mwenyewe wakati wakubwa wengi waliwaachia yaya kazi hiyo. Mchoraji wa wakubwa huitwa, hulipwa, huchora uso unaopendeza. Haitwi kuchora deni. Tukikumbuka miaka ile ya 1785 mpaka 1787, twajua kwamba bibi wa picha alikuwa ametoka katika matusi ya uchaguzi juzi tu, na deni lilikuwa likimkaba. Hayo hayamo katika ua la waridi. Si uongo wa mchoraji. Uongo ni wetu, tunaotazama tabasamu na kusema, sasa tumemjua.

Tena miaka kumi baadaye, mwaka 1796, ugonjwa mbaya ulilishika jicho lake. Jicho likaharibika, na uso ule ule ulioimbwa mji mzima ukaharibika pamoja nalo. Je, hapo aliisha? Waliotaka kofia tu watafunga kitabu hapo. Lakini mwanamke aliendelea. Mwaka 1799 lilichapwa shairi lake juu ya kuvuka mlima wa Saint-Gothard, likapata kutafsiriwa katika lugha nyingine. Alikusanya mawe na madini, akajifunza elimu ya mawe pamoja na wataalamu, na makusanyo yake yako Chatsworth mpaka leo. Akarudi katika siasa, safari hii bila makelele, akiwapatanisha wakubwa wa chama waliokuwa wamegawanyika. Mwanzo wa mwaka 1806 chama chake kikaingia serikalini pamoja na wengine. Fox na Grey wote wawili wakawa mawaziri. Jambo alilolitumikia zaidi ya miaka ishirini likatimia. Baada ya majuma machache akafa, na mwezi wa Septemba Fox akamfuata. Hiyo ndiyo miguu yake, ndugu zetu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo yeye alisimama juu yake, nayo haimo katika hadithi.

Tumsemee basi mwalimu Maginnis. Wamchekao husema hakujua thamani ya kitu alicho nacho. Thamani gani? Kama ni bei, ni kweli hakuijua. Lakini mwanamke huyu mzee, mwenye kipato cha mwalimu, aliiweka picha mahali pa heshima kupita pote katika nyumba yake, juu ya moto wake, apate kuitazama jioni. Alikata kitambaa ili bibi yule apate nafasi ndani ya nyumba ndogo. Alikosa, lakini alikosa kama mtu akaribishaye mgeni na kitanda chake ni kifupi.

Walinganisheni na waliofuata. Bentley alimpa picha rafiki yake Wynn Ellis, tajiri aliyekusanya picha. Ellis akafa, na Mei 1876 picha ikauzwa kwa mnada mjini London, nyumba ya Christie. William Agnew akainunua kwa gini 10,000, maana yake paundi 10,500, na hakuna picha iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo mnadani. Mji wote ukawaka. Watu wakamiminika kuitazama. Wengine, hata mchoraji Millais, wakatia shaka kama kweli ni mkono wa Gainsborough, wakabishana juu ya kidole hiki na rangi ile. Haya, ubishi wa mkono wa mchoraji ulikuwako. Ubishi juu ya mwanamke mwenyewe, aliamini nini, alifanya nini, haukuwako. Tena tufanye hesabu ndogo: bei ya kitambaa kile kilichokatwa miguu ingelipa zaidi ya nusu ya deni ambalo lilimtesa mwenye uso mpaka kaburini. Watu hawakosi fedha kwa ajili ya picha ya mtu.

Majuma matatu hayajapita vizuri, mwizi Adam Worth akaingia usiku kwa dirisha katika duka la Agnew, akaikata picha toka kiunzi chake (huyu naye alikata!), akaikunja akaenda nayo. Alitaka kuitumia ili ndugu yake atolewe gerezani. Ndugu akatoka kwa njia nyingine, na mwizi akabaki na picha asiyoweza kuiuza. Akakaa nayo miaka 25. Aliivusha bahari katika sanduku lenye chini mbili. Mwaka 1901, kwa njia ya wapelelezi wa Pinkerton, aliirudisha kwa Agnew huko Chicago, akapewa fedha. Mwaka uliofuata akafa. Waandishi wameandika vitabu vizima juu ya mwizi huyu, na tukisoma baadhi ya kurasa zao twaona jambo la kuchukiza: wanasimulia kana kwamba mwizi na bibi walikuwa wachumba. Bibi amekufa miaka sabini kabla ya wizi, hajamwona mtu huyu, hajaulizwa neno, lakini amekwisha kuozwa kwa mwizi!

Kisha akaja Pierpont Morgan, tajiri wa Amerika, akainunua, na yasemekana alilipa dola 150,000. Ikakaa kwa jamaa yake mpaka 1994, ikauzwa tena kwa mnada, na Duke wa kumi na moja wa Devonshire akainunua kwa dola 408,870, akairudisha Chatsworth. Kuhusu Duke huyo hatuna neno baya. Picha imerudi kwa watu wake. Mwaka 2008 ikatoka filamu juu ya Georgiana. Kofia ilikuwako, na mapenzi yalikuwako, na Grey kijana mzuri. Madeni yalitajwa kwa haraka. Siasa ilikuwa pazia la nyuma. Watu walilia wakarudi nyumbani.

Tumesikia na jibu la mwisho, nalo ndilo lenye nguvu kidogo. Wasema: Msilaumu picha. Bila picha nani angemkumbuka? Wanawake wenye baraza walikuwa wengi, na wote wamesahauliwa. Huyu ameokolewa na kofia yake.

Twakubali nusu. Picha huleta watu mlangoni. Lakini mlango si nyumba. Barua za Georgiana ziko, kwa mamia, Chatsworth. Zimesomwa, na Amanda Foreman alitoa kitabu kinene juu ya maisha yake mwaka 1998 kutokana na barua hizo na nyingine. Hakuna tena udhuru wa kusema hatujui. Mwandishi ambaye baada ya hayo bado anatuletea mwuza nyama, kofia na mwizi, na kumaliza kwa kumcheka mwalimu mzee, huyo amechagua kukata. Na wale wanawake wengine waliosahauliwa? Hao ndio wanaotuuma zaidi. Kama mwenye kuchorwa na Gainsborough, mke wa Duke, mwenye barua zilizohifadhiwa ndani ya nyumba ya mawe, amekatwa hivi, je, yule aliyetembea naye barabarani Westminster bila kuchorwa? Na mke wa yule mwuza nyama, aliyesimama dukani akisikiliza maombi ya kura, na jioni akamwambia mumewe maoni yake? Hakuna aliyemwandika.

Mtu akienda Chatsworth, na wengi huenda kila mwaka, ataonyeshwa nyumba na vitu vyake, na hapana shaka ataitafuta kofia nyeusi. Aitazame, ni picha nzuri, sisi wenyewe hatuchoki kuitazama. Kisha aulize habari za mawe yake, na habari za barua zake.